Kosa Lisilotajwa

Nilirudi kwa mume wangu asubuhi ya Jumamosi, kwa miguu, kutoka Mirongo walikokaa wazazi wangu hadi Kirumba tulikopanga. Mbele alitangulia baba mdogo na fimbo yake, nikafuata mimi na mtoto mgongoni, na nyuma yangu mama na shangazi zangu wawili wamebeba vitu vyangu: kasha la nguo, sufuria mbili na ungo. Kwetu mwanamke aliyesusa akirudishwa, hurudishwa mchana na kwa njia kubwa, ili kila aliyemwona akiondoka amwone akirudi. Tulipita mbele ya maduka, tukapita penye bomba la maji, na kote watu waliacha walichokuwa wakifanya wakatusalimia kwa sauti ya juu kuliko kawaida. Mama aliitikia kwa niaba yetu sote. Mimi nilitazama visigino vya baba mdogo, vilivyopasuka na kujaa vumbi, nikavifuata mpaka mlangoni.

Mume wangu alikuwa amefagia uwanja. Alisimama kando, akamwamkia baba mdogo shikamoo, akawaamkia mama na shangazi zangu shikamoo bila kuwatazama usoni, kisha akapokea lile kasha. Alipolinyanyua alisema, "Zito." Hilo ndilo neno la kwanza aliloniambia baada ya miezi yote ile.

Sababu ya kususa kwangu ilikuwa samaki. Nikisema hivyo watu hucheka, na mimi mwenyewe nimewahi kucheka, kwa hiyo afadhali nieleze kwa mpangilio.

Mume wangu alikuwa karani wa mizani katika ununuzi wa pamba. Miaka ile wakulima wa kwetu walikuwa wameanza kuunda vyama vyao vya kuuza pamba, na vijana waliosoma kidogo, wenye kujua hesabu na wasio na mkono mrefu, waliajiriwa kupima. Msimu ulipofunguliwa, kiangazi kikianza, yeye alipelekwa Ukerewe, akakaa huko mpaka maghala yawe matupu. Katikati ya msimu alikuja nyumbani mara chache kwa meli ya kutoka Nansio, bandari ya kule, akiwa na nyuzi za pamba kwenye nywele na kitu mkononi kwa ajili yetu.

Mwanzoni alileta machungwa na mihogo mikavu. Halafu akaanza kuleta samaki, sato wa kubanikwa, amefungwa kwa majani ya mgomba.

Mimi nimezaliwa Mwanza mjini, na samaki wa kubanikwa nimewaona tangu nikitambaa. Wale wa kuuza waliotoka visiwani walibanikwa na magamba yao, kwa sababu magamba humshikilia samaki asimeguke safarini, na kwa sababu mtu anayebanika samaki wengi hana muda wa kumpara mmoja mmoja. Sato aliyeletwa na mume wangu alikuwa ameparwa vizuri hadi chini ya mapezi. Amepasuliwa mgongoni. Ndani amepakwa chumvi na kukamuliwa ndimu kabla ya kwenda kwenye moshi, maana ile ndimu ilikuwa imeingia mpaka kwenye mfupa. Na mume wangu ni mtu ambaye shombo humtia kichefuchefu tangu utoto wake. Nilikaa na yule samaki jikoni nikamgeuza huku na huku. Kisha nikampika kwa karanga, tukala. Alikuwa mtamu. Nililamba vidole, na hilo lilinichoma baadaye kuliko mambo mengine.

"Umemnunua wapi?" nilimuuliza.

"Sokoni, Nansio."

"Kwa nani?"

"Kwa wavuvi, mke wangu. Ulitaka nimnunue kwa kinyozi?"

Tukacheka. Safari iliyofuata alikuja na mwingine wa namna ileile. Safari ya baada ya hapo hakuleta kitu, nami nikanunua samaki wangu pale mjini, nikampika kama nilivyozoea. Mume wangu alimega, akatafuna, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa msaada, "Ungejaribu kumtia ndimu kabla hajaenda motoni, si baada."

"Nani anafanya hivyo?"

Akaendelea kutafuna. Alilitafuna muda mrefu tonge lile, na halikuwa na mfupa.

"Watu," akasema.

"Watu gani?"

"Watu wa huko."

Kesho yake alipokwenda kupanda meli, nilifunga nguo zangu, nikambeba mtoto wetu wa kwanza, ambaye alikuwa bado hajatembea, nikaenda kwetu.

Mama alinipa chakula na hakuniuliza kitu siku hiyo. Aliuliza kesho yake, tukichambua mchele. Nilipomweleza habari za magamba na ndimu, alitupa kijiwe kimoja, kisha akasema, "Wewe macho yako tangu mdogo yana kazi nyingi." Hakusema kwamba nimekosea.

Msimu ulipofungwa mume wangu alirudi Kirumba akakuta mlango umefungwa na kuku wangu wako kwa jirani. Alikaa siku chache kisha akatuma watu. Hilo lilikuwa sawasawa. Mwanamume aliyesusiwa haji mwenyewe, hutuma wazee wake waje kuuliza binti ameudhiwa na nini, na wazee wa binti hujibu kwamba wao hawajui, wamemwona tu amekuja. Baada ya mizunguko kama hiyo siku ya kukaa ikapangwa.

Asubuhi ya siku ile baba mdogo aliniita uani. Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu katika harusi na magomvi, mtu mfupi, mpole, asiyependa kelele.

"Sikiliza, mwanangu. Kuna neno moja usilitaje pale ndani. Wala mimi sitalitaja."

"Kwa nini, baba?"

"Likitajwa linataka mashahidi. Na asiye na mashahidi kosa linamgeukia yeye. Wewe una shahidi gani?"

"Samaki."

"Yuko wapi huyo samaki?"

Nikageukia jiko la mama.

"Shahidi wako umemla," akasema. Mama aliyekuwa nyuma yangu alicheka kwa pua, kisha akaficha uso kwa kanga, na sikujua kama bado anacheka.

Wanaume walikaa sebuleni juu ya mikeka. Sisi wanawake tulikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Nilimwona mume wangu kwa upenyo: amevaa kanzu, amekonda, mikono juu ya magoti. Mzee wa upande wake alizungumza muda mrefu juu ya ujirani, juu ya vijana wa siku hizi, juu ya kazi za mbali zinavyowachosha. Alitumia neno kukosana. Wamekosana hawa watoto. Nikajiuliza tulikosana lini, maana mimi sikuwapo Nansio.

"Kijana wetu anasema amekosa," alimaliza yule mzee.

Baba yangu, ambaye alikuwa fundi cherehani na mtu wa maneno machache, aliuliza, "Amekosa?"

"Nimekosa, baba," mume wangu akasema.

"Basi. Mtu akisema amekosa, unamtaka nini tena?"

Mimi nilikuwa nikingoja neno linalofuata. Nilikuwa nimekaa pale nyuma ya pazia nikiamini kwamba yuko mtu mmoja katika wote wale atakayeuliza: amekosa nini? Sikutaka apigwe faini, wala sikutaka aaibishwe. Nilitaka aseme jambo alilolifanya kwa mdomo wake, mara moja, nikiwa nasikia, ili lisibaki langu peke yangu. Mpaka wakati ule lilikuwa kama kitu nilichokiota jikoni.

"Umesikia, binti?" baba mdogo aliniuliza kupitia pazia.

"Nimesikia."

"Umeridhika?"

Shangazi mkubwa akanifinya paja.

"Nimeridhika," nikasema.

Wakasoma fatiha. Wote tuliinua mikono, sebuleni na chumbani, na mwisho tukapangusa nyuso. Mume wangu alitoa doti mbili za kanga, moja ya mama na moja yangu, na paketi za sukari. Wakala pilau. Kutoka hapo jambo lile lilikuwa limefungwa, na kwa desturi yetu anayelifungua jambo lililosomewa fatiha ndiye anayekuwa mkosaji. Mama alinikumbusha usiku ule nikifunga kasha langu. "Sasa usije ukawa wewe," alisema.

Wanawake wengi wakirudi husema wamerudi kwa ajili ya watoto. Nami nilisema hivyo. Kweli ni kwamba nilikuwa nimemzoea mume wangu, na kule Mirongo nilikuwa nikiamka na kusikiliza kama nitasikia anavyokohoa akinawa uso. Alikuwa mtu mrefu anayecheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika, na nilikuwa nimeyakosa yale mabega. Nilirudi kwa sababu nilimtaka. Nasema hivi ili isidhaniwe kwamba nilisukumwa.

Alikuwa mwema sana baada ya hapo. Hapo ndipo taabu yangu ilipoanzia. Kabla ya kususa, akinichotea maji nilisema mume wangu ananisaidia. Baada ya kurudi, akichota maji nilisema dhamira inamsuta. Akiwa mkali kidogo, nilisema anamkumbuka mwenzake wa Nansio. Akiwa kimya, hivyo hivyo. Akinunua kitambaa cha mtoto nilijiuliza kama kule amenunua pia. Hakuna alilofanya likabaki kama lilivyo. Hakuleta tena samaki. Alileta machungwa, nami niliyakagua machungwa kwenye kikonyo, kuangalia kama yamekatwa kwa kisu sokoni au yamechumwa kwa mkono uani kwa mtu, ingawa hakuna mtu duniani anayeweza kujua hilo.

Na kila kiangazi pamba ilifunguliwa. Wenzangu wa pale bombani walijua kalenda ile kama mimi.

"Haya bibie, pamba tayari. Jifunge kibwebwe."

"Mwacheni jamani, mume wake ni mtu wa mizani, hazidishi wala hapunguzi."

"Anapunguza huku anazidisha kule!"

Walicheka, nami nilicheka nao, kwa sababu ukinuna bombani ndoo yako husogezwa nyuma. Mmoja wao, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliniambia siku moja tukirudi na maji, bila ubaya wowote, "Mwenzangu, si ulirudi mwenyewe? Sasa unanunia nini?" Jambo lilikuwa halina jina. Ningesema nanunia nini?

Nilijifunza kupika kama yule wa Nansio. Nilinunua sato mbichi, nikampara, nikampasua mgongoni, nikakamua ndimu ndani, nikambanika mwenyewe uani juu ya moto wa polepole. Mume wangu alikula, akaniangalia, akashusha macho. Alikula wote. Nililia nikiosha sahani, kisha wiki iliyofuata nikampika tena.

Nilijaribu kumuuliza mara moja tu. Mtoto wa pili, naye wa kike, alikuwa tumboni. Tulikuwa tumekwenda Butimba kumtazama ndugu yake mgonjwa, na tulikuwa tukirudi kwa miguu jua likiwa linapungua, wakulima wakitupita na baiskeli zao za mkaa.

"Siku ile kwa baba ulisema umekosa," nikamwambia.

"Siku gani?"

"Unaijua. Ulikosa nini?"

Alikwenda hatua kadhaa. "Wazee walisoma fatiha."

"Nakuuliza wewe, siwaulizi wazee."

"Ukitaka kufukua, fukua," akasema. "Mimi simo."

Hakuwa na hasira. Alinishika mkono tulipovuka mfereji kwa sababu ya ile mimba, na akauachia tulipofika ng'ambo. Usiku nilimsikia akinong'ona na mtoto wa kwanza, akimfundisha kuhesabu mpaka kumi, na nilijua kwamba nitaendelea kukaa naye.

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Watoto walikua. Mambo ya siasa yaliingia mitaani. Watu walikusanyika uwanjani kusikiliza hotuba, na wanawake wa Kirumba, ambao zamani tulitoka kwa ajili ya harusi na misiba tu, tulianza kutoka kwa ajili ya mikutano. Mimi nilipenda mikutano ile. Pale watu walitaja mambo kwa majina yake. Mtu alisimama akasema tumeonewa hivi na hivi, na wengine wakaitikia, na hakuna aliyemfinya paja.

Desemba ya Uhuru ilipokaribia, wanawake wa mtaa wetu tuligawiwa kazi. Wengine wafundishe watoto nyimbo, wengine wapambe uwanja kwa makuti na maua, wengine wapike na kupokea wageni, maana vikundi vya ngoma vilikuwa vinakuja kutoka kila upande wa ziwa. Niliposikia kwamba wanawake wa Nansio wanakuja kwa meli, nilinyoosha mkono nikaomba niwe katika wapokeaji.

Nilisimama gatini na mvua nyepesi ikitunyeshea. Walishuka wakiimba, wamevaa kanga za sare, wamebeba vyungu na mikeka na kuku. Wenzangu waliwakumbatia, nami niliwakumbatia, na kila niliyemkumbatia nilimtazama. Sikujua jina lake, wala sura, wala umri. Miaka yote ile nilikuwa nimemjua kwa kazi ya mikono yake tu. Kwa hiyo nilitazama mikono. Nilishika viganja vingi asubuhi ile, nikivipekua kwa vidole kama mtu anayechagua viazi.

Siku iliyofuata, siku moja kabla ya sherehe, tulipika pamoja katika uwanja wa shule. Samaki waliletwa kwa matenga. Wageni wa Nansio walichukua visu bila kuambiwa, wakakaa chini, wakaanza kupara. Nilihama kutoka kwenye mchele nikakaa karibu nao. Jirani yangu pale chini alikuwa mama mmoja mnene, mcheshi, aliyenizidi umri kidogo. Alipara, akapasua mgongoni, akapaka chumvi, akakamua ndimu ndani.

"Unampara kwa ustadi, dada," nikamwambia.

"Samaki wa kuliwa na wenyewe lazima aparwe. Wa kuuza aende na nguo zake!"

Wanawake wote wakacheka.

"Na hiyo ndimu, nani amekufundisha?"

"Kufundishwa ndimu? Kwetu kila nyumba. Usipotia ndimu mama mkwe anakurudisha kwenu na chungu chako."

Niliutazama mstari ule wa wanawake mpaka mwisho. Wote walikuwa wakikamua ndimu. Mikono yote ilifanya vilevile. Mimi nilikuwa nimeamini kwamba yuko mwanamke aliyejua tumbo la mume wangu linachukia nini, aliyemjua kuliko mimi, na kumbe alikuwa anapika tu kama mama yake alivyopika. Nilikuwa nimejitesa kwa ndimu miaka mingi bure, na hata hivyo samaki yule alikuwa wa nyumbani kwa mtu. Hilo halikubadilika.

Yule mama mnene aliinama karibu yangu. "Wewe si mke wa karani wa mizani? Mrefu, anacheka kwa mabega?"

"Ndiye."

"Nilijua. Tangu jana unatutazama mikono kama tumekuibia." Alifuta kisu kwenye jani. "Unayemtafuta hayumo, mwenzangu. Ameolewa Musoma mwaka jana. Ngoma nimeicheza mwenyewe mpaka ndara ikakatika."

"Ameolewa na nani?"

"Fundi baiskeli. Mtu mzima, ana duka lake, hanywi."

"Na jina lake nani, huyo dada?"

"Jina la nini sasa?" akasema. "Mtu ameshaondoka zake, mwache aende." Akachukua samaki mwingine. Halafu akasema, "Pole," kwa sauti ya chini, na akaanza kuimba na wenzake.

Sikumaliza kazi yangu. Niliondoka na mikono inanuka samaki, nikaenda nyumbani mchana ule, na njiani nilikuwa na furaha ya aina mbaya. Hatimaye nilikuwa na kitu mkononi. Nilipanga maneno. Yeye atasema, mtu gani? Mimi nitasema, unamjua. Atasema, wazee walisoma fatiha. Nitasema, hili halimo katika fatiha, hili ni jipya. Nitamshika hapo mpaka aseme.

Nilimkuta sebuleni akinyoosha shati lake jeupe la kesho kwa pasi ya mkaa. Watoto walikuwa nje na bendera zao za karatasi.

"Yule mtu wako wa Nansio ameolewa," nikasema kutoka mlangoni.

Aliisimamisha pasi pembeni, kwa uangalifu, isiunguze meza.

"Na nani?" akauliza.

Maneno yangu yote niliyoyapanga yakakosa pa kukaa.

"Na fundi baiskeli wa Musoma."

"Lini?"

"Mwaka jana."

"Mwaka jana kabla ya msimu au baada?"

"Sikuuliza."

"Ungeuliza," akasema, na akakaa kwenye kigoda cha watoto, magoti yakamfika kifuani. Akasema tena, kama anazungumza na ukuta, "Ndiyo maana mlango ulikuwa na kufuli."

"Ulikwenda?"

"Nilipita tu."

"Ulipita msimu huu?"

"Nilipita kila msimu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikuwa naingia. Tangu uliporudi sikuingia tena, hilo nakuapia. Nilipita tu anione. Nilikuwa nimemwambia angoje."

"Angoje nini?"

"Watoto wakue."

Kupitia dirishani nilimwona binti yetu wa kwanza akimfunga mdogo wake viatu. Nilikumbuka maji aliyochota mume wangu, na mkono alionishika kwenye mfereji, na hesabu za mpaka kumi. Nilikuwa nimeyatafsiri hayo yote kwa kila namna, lakini sikuwahi kufikiria kwamba alikuwa anakaa nami kama mtu anavyokaa gatini, kwa utulivu na adabu, mpaka meli yake ije.

Kisha akazungumza. Sikumuuliza kitu. Alinieleza kwamba yule mwanamke alikuja kwenye mizani na pamba ya baba yake, akabisha uzito mbele ya watu, akamlazimisha apime upya, na kwamba kweli alikuwa na haki. Alinieleza nyumba ilivyokaa, mlango wa rangi ya bluu na mchungwa uani. Alinitajia jina lake, akalitaja zaidi ya mara moja, na alivyolitaja nilisikia kwamba alikuwa na njaa ya kulitaja. Sauti yake ililainika. Alicheka mahali fulani, mabega yakatikisika. Nilikuwa nimelingoja neno lile miaka yote, nikidhani litakapotoka litatoka kama mzigo unaotuliwa. Likatoka tamu. Hakusema amekosa. Neno hilo alishawapa wazee.

Alipofika mwisho alianza kulia, mwanamume mzima kwenye kigoda cha mtoto. Mimi nilikuwa nimesimama palepale mlangoni. Nilimletea maji kwenye kikombe, akanywa, meno yakigonga bati. Sikujua la kufanya kwa mtu aliyefikwa na jambo kama hilo nyumbani kwangu, na mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa kufanya.

"Pole," nikamwambia.

"Asante," akasema.

Alisema kwa moyo wake wote. Aliipokea kama haki yake, akanirudishia kikombe.

Kesho yake hakuweza kutoka. Macho yalikuwa yamevimba, na shati lilibaki mezani nusu limenyooshwa. Nilivaa kanga zangu za sare, nikawashika watoto mkono, nikaenda uwanjani peke yangu. Palikuwa na watu ambao sijawahi kuona wingi wao. Ngoma za Wasukuma zilikuwa upande mmoja na wanawake wa Nansio upande mwingine, na yule mama mnene alinipungia mkono. Watu waliokuwa hawajasalimiana miaka walikumbatiana. Kila nilipokutana na mtu tunayejuana alitazama nyuma yangu akimtafuta mume wangu.

"Mzee yuko wapi siku kama ya leo?"

"Ana homa," nikasema.

"Maskini! Mpe pole sana."

Jirani wa ukuta kwa ukuta alisema mpe pole. Wenzangu wa bombani walisema mpe pole. Baba mdogo, sasa mzee kabisa, ameletwa na kuwekwa kwenye kiti kivulini, alinishika mkono akasema, "Mwambie nampa pole, nitakuja kumtazama." Jioni nilirudi Kirumba na watoto wanasinzia, nikaingia chumbani alikolala, nikamfikishia pole zote kwa mpangilio, ya nani na ya nani. Kwa kila moja alisema asante.